Fuko na Njia ya Mtoni

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie mmekula kweli? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale, kale sana, ukungu ulipokuwa ukilala bondeni mpaka mchana, alikuwepo Fuko. Macho alikuwa nayo, lakini ya kupamba uso tu. Ila kuchimba! Akigusa udongo, udongo unafunguka kama mlango.

Wanyama wakalijua hilo. Akaja Ngiri: "Fundi, nichimbie chumba." Fuko akachimba. Akaja Kalunguyeye, yule mwenye miiba mgongoni: "Fundi, nichimbie ghala." Fuko akachimba. Akaja Nguchiro, mdomo mbele, mkia nyuma: "Fundi wangu, nichimbie mlango wa uani, nyoka akija mbele nitokee nyuma." Fuko akachimba.

Wote walimshukuru. Fuko akirudi kwake anajilaza, tumbo limejaa minyoo, kifua kitupu kama mtungi wa kiangazi. Hajui anataka nini. Mjinga? La. Hajawahi kujiuliza tu.

Hata akalala, akaota. Akasikia maji. Yako mbali, chini kwa chini, yanaongea polepole kama mama anayebembeleza mtoto. Akalala tena, akayasikia tena. Mara ya tatu akaamka.

"Nataka kuusikia mto," akasema. "Nitachimba njia yangu mwenyewe mpaka nifike."

Akaanza, huku akiimba:

Udongo nipishe, napita,
Maji yananiita,
Sijatumwa, nimejituma,
Udongo nipishe, napita.

Asubuhi Nguchiro akaja amefura. "Fundi! Mlango wangu umebomoka."

"Nina kazi yangu."

"Kazi yako? Tangu lini wewe ukawa na kazi yako?"

"Tangu jana. Nachimba njia yangu mpaka mtoni."

Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. "Mto ndio unaokusumbua? Si uko hapo tu! Panda mgongoni nikupeleke sasa hivi. Halafu unitengenezee mlango wangu."

Fuko akafikiri, akapanda. Msimcheke. Nyie mngepanda mbio.

Wakapasua nyasi, wakafika kabla jasho halijatoka. Nguchiro akamtua ukingoni. "Haya, huo. Sikiliza."

Fuko akasikiliza. Maji yalikuwa maji. Yanapita, yanakwenda zake. Kifua kitupu vilevile.

"Nirudishe," akasema.

Akamtengenezea Nguchiro mlango wake, maana aliahidi. Kisha akarudi shimoni, palepale alipoachia.

Akakuta jiwe. Akalizunguka, likamla kucha. Akakuta mizizi ya mkuyu. Akaitafuna, ikamtoa damu. Akakuta mchanga, na huo ndio mbaya: ukiuchimba unajifukia. Akauchimba tena.

Udongo nipishe, napita,
Maji yananiita...

Mvua zikaja, zikapita. Majirani wakaacha kumsalimu. Kalunguyeye akasema amerogwa. Fuko akakonda, lakini akilala analala kweli, na maji ya ndotoni kila siku yanasogea.

Siku moja udongo ukawa baridi. Kisha ukawa laini. Kisha pua ikatokeza nje, ukungu ukaigusa, na mto ukaanza kuongea. Fuko akakaa mlangoni mwa njia yake. Hakuimba. Alisikiliza tu, kifua kikijaa polepole, kama mtungi uliowekwa chini ya mchirizi wa bati wakati wa manyunyu.

Nguchiro alikuja kunywa maji, akamwona.

"Fundi! Mateso yote yale kwa haya? Si maji yaleyale niliyokuleta uyasikie bila jasho?"

"Maji ni yaleyale," Fuko akasema. "Fuko ndiye si yule."

Nguchiro akatikisa mkia, hakuelewa. Mpaka leo haelewi.

Basi, wajukuu, hadithi inafundisha hivi: jiwekee lako unalolitaka, ulifuate kwa mikono yako. Usipokuwa na lako, wenzio watakupa yao, na asante watakupa, na bado utalala mtupu. Na ukibebwa utafika, ndiyo, lakini hutakuwa umekwenda.

Hadithi yangu imezama shimoni. Anayeitaka aichimbe mwenyewe.