Nafasi ya Kunyoosha Miguu

Aliyenipa kisa hiki ni wifi yangu Mwanashuru, anayesomea kazi ya maabara. Alikuja kumwona mwanangu, akamshika kidole cha mguu, akasema, "Wifi, humu ndani kuna nyumba zisizoonekana kwa macho. Zinaitwa seli. Na kila nyumba imejaa watu kuliko harusi yako." Nikacheka, maana kwenye harusi yangu yeye alipitishiwa sahani dirishani. Basi akanisimulia.

Hapo zamani, ndani ya nyumba moja ya namna hiyo, alikaa Bi Kiini. Chumbani hakutoka. Kazi yake kuagiza tu: nitengenezeeni huyu, nitengenezeeni yule. Na kila aliyeagizwa alizaliwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, shanga kwa shanga, hana goti wala kiuno.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: hupewi kazi mpaka ujikunje, ukae mkao wako, kama wanawake wanavyokaa kwenye mkeka wa shughuli. Ukibaki umejinyoosha, anakuja Bwana Fagio. Huyo hana maneno. Anakukata vipande, na kwa vipande vyako anatengenezwa mwingine.

Siku hiyo akazaliwa Mkufu. Kazi aliyopangiwa ni kutunza pumzi ya kidole cha mguu cha mtoto.

"Jikunje," wakamwambia.

"Nijikunje vipi?"

"Sisi tujuaje? Mwili wako huo."

Mkufu akajaribu. Akikunja huku, kunafunguka kule. Akikunja kule, kunafunguka huku. Fagio akasimama mlangoni, anachokonoa meno kwa njiti.

Ndipo akapita Mama Bonge na wenzake. Hao walikuwa wanene na hawajui kutulia. Kila mmoja anatafuta pa kupitisha tumbo.

"Pisha!" Tumbo likamsukuma Mkufu, akajikunja kidogo.

"Pisha, mwali!" Nyonga ikamsukuma, akajikunja zaidi.

Si kwamba walimhurumia. Walitaka njia. Alipojikunja, wao walipata pa kupita, na walipopita, yeye hakupata tena pa kujinyoosha.

Lakini Mama Bonge hatazami anakosukuma. Kumbo la mwisho likambandika Mkufu kwa Shada, aliyezaliwa punde, naye bado hajajikunja. Wakanasana kama tambi zilizopoa. Fagio akatupa njiti.

Kungwi wa nyumba, Bi Somoe, akaja mbio. Akawanasua, akamsogeza Shada pembeni, akamfunika Mkufu kanga gubigubi.

"Jikunje sasa, mwanangu. Hapa hakuna wa kukunasa."

Ndani ya kanga Mkufu akatulia. Shanga zipendanazo zikasogeleana. Zile zinazochukia maji yaliyojaa nyumbani humo zikajificha katikati. Goti likapata mahali pake, kiuno kikapata mahali pake. Kanga ilipofunuliwa, Mkufu alikuwa amekaa kama mwenye nyumba, na pumzi ya kidole ameishika.

Bi Kiini akapaza sauti chumbani, "Nimefurahi! Aliyemkunja Mkufu nampa zawadi. Nampa nafasi ya kunyoosha miguu, peke yake, asisukumwe na mtu!"

Tangu nyumba ijengwe, hakuna aliyewahi kunyoosha miguu humo.

"Zawadi ni yangu," akasema Mama Bonge. "Bila tumbo hili, angekuwa bado kaanikwa."

"Tumbo hilo hilo ndilo lililomnasisha!" akasema Bi Somoe. "Ulikuwa unatafuta njia yako. Leo unataka shukrani kwa unene?"

"Na wewe ulifanya nini? Ulimfunika tu. Hata maandazi hufunikwa."

"Maandazi hayaliwi na Fagio!"

"Nyote mnyamaze," akasema Mkufu. "Kigoda kile mmekisukuma tangu asubuhi, mbona hakijajikunja? Hata kanga mkikivisha hakitajikunja. Magoti ni yangu. Zawadi ni yangu."

"Mwali huyu ana mdomo!"

"Nilizaliwa nao. Ulikuwa haujakunjika tu."

Wakavutana hivyo, hadi Fagio, asiye na maneno, akasema, "Mpeni yeyote. Mimi namngoja huyo."

Wakageuka. Shada alikuwa pale pembeni, amelala kama kamba, anajaribu. Anakunja huku, kunafunguka kule.

Fagio akacheka. "Akipewa Mama Bonge, atajilaza, na Shada atakosa wa kumsukuma. Akipewa Bi Somoe, atasinzia, na Shada akinaswa, nani atamfunika? Akipewa Mkufu, atajinyoosha mpaka afunguke, kidole cha mtoto kikose pumzi, nami nipate wawili badala ya mmoja. Mimi kwangu zote kheri."

"Bi Kiini!" wakaita. "Zawadi nyingine hakuna?"

"Neno langu silirudishi," akajibu kutoka chumbani. "Chagueni upesi."

Wifi akaishia hapo, akaomba chai.

"Wakamchagua nani?" nikamwuliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi nimeleta maneno, wewe una mtoto mwenye vidole."

Asubuhi yake nilimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Benchi lilikuwa limejaa. Dada mmoja, mwili umemjaa, akanisukuma kwa nyonga apate pa kukaa. Siku zote mimi husogea mpaka nikabaki nimekalia hewa. Siku hiyo sikusogea. Mtoto alikuwa amejikunja mapajani, kidole cha mguu kakitia mdomoni. Nikamwambia yule dada kisa chote, tangu kamba hadi kanga, na kabla sijamaliza benchi zima lilikuwa limeniinamia.

Basi nikawauliza wao, kama ninavyowauliza ninyi: nafasi ni moja, Shada bado amelala, na Fagio yupo mlangoni. Je, mngempa nani?