Kibaba Kimoja cha Maji

Inasimuliwa na waliokuwa kabla yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mtengeneza mizani mcha Mungu aitwaye Dhakwani bin Wahbi, pamoja na mkewe Khuleida binti Nuumani, Mola awarehemu wote wawili. Walijaaliwa binti mmoja, Lubaba, na alipoolewa akahamia Basra, nyumba ilibaki ya watu wawili.

Siku kisa hiki kinapoanza, Khuleida alikuwa anatoka sokoni na kapu la unga kichwani, na uzito wake hakuuhisi kabisa. Alikuwa amesikia kwamba msafara wa Hija ungeondoka tarehe tatu ya Mfungo Pili, na kwamba kiongozi wake, Bwana Muthana, alikuwa amebakiwa na nafasi mbili juu ya ngamia mmoja. Miaka kumi na tisa Khuleida alikuwa akisoma talbiya, ile labeka ya mahujaji, mbele ya chungu cha dengu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu nguo ya Idi kabla Idi haijafika. Alifika nyumbani anahema, akiwa na habari mdomoni, akamkuta mumewe ameinama juu ya jiwe la kutawadhia.

"Mama Lubaba, nimeosha kisigino cha kushoto?"

"Umeosha."

"Umekiona?"

"Ndiyo kwanza naingia, Baba Lubaba. Lakini umeosha."

Akachota tena, akaanza upya.

Ulikuwa umepita mwaka mzima tangu Dhakwani amsikie mwalimu mmoja msikitini akiwaonya watu wanaotawadha kwa haraka na kuacha visigino vikavu. Wengine walisikia, wakaosha visigino, wakaenda zao. Yeye alikuwa mtu aliyezoea kuikataa mizani kwa tofauti ya uzito wa unywele mmoja, na jicho lile la kazini akaingia nalo katika ibada. Akawa hutawadha mara kumi, mara kumi na tano. Ngozi ya mikono ilipasuka. Sala ya jamaa ilimpita huku bado anasugua. Na kila aliposhikwa na shaka alimwuliza mkewe, naye kwa huruma alimjibu. Siku moja Khuleida alihesabu: kati ya adhuhuri na alasiri alikuwa amesema "umeosha" mara arobaini na moja, na ile ya arobaini na moja haikumtuliza mumewe zaidi ya ile ya kwanza.

Alipokwenda kwa Bwana Muthana kuomba zile nafasi mbili, yule mzee wa misafara alikuna ndevu.

"Bibie, mumeo namheshimu. Hata mizani yangu ni kazi ya mkono wake. Ila kati ya kisima na kisima huko jangwani kuna siku tatu, na kila msafiri ana kibaba kimoja tu cha maji kwa udhu mmoja. Mumeo humaliza mtungi kwa mguu mmoja."

"Na akibaki yeye?"

"Utasafiri na mahramu gani?"

Khuleida hakuwa na jamaa wa kiume wa kumsindikiza. Baba yake na kaka zake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki.

"Basi tufanye hivi," akasema Muthana. "Nafasi nawawekea. Siku ya safari nitakuja na kibaba changu. Akitawadha nacho mara moja akaswali, pandeni. Akishindwa, nitampa mwingine, na tusiwekeane kinyongo."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nne.

Dhakwani alipoelezwa, alikaa chini akafunika uso. "Mola ananipima, Mama Lubaba."

"Anakupima. Na mimi ananipima vilevile, ila mimi napimwa kwa kisigino chako."

Alijuta kabla hajamaliza kusema, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa la kweli. Jioni hiyo walikula bila kutazamana.

Asubuhi ya pili alimpelekea chakula karakanani. Akakuta mteja amesimama na mizani aliyoinunua jana yake.

"Nipimie tena, Bwana Dhakwani. Moyo wangu haujatulia."

"Hiyo nimeipima mara tatu nikaipiga muhuri," akasema Dhakwani bila hata kuinua kichwa. "Nikishapiga muhuri sifungui. Mizani ikifunguliwa kila mtu anapoingiwa na shaka, itaharibika kwa kushikwashikwa. Nenda kafanye nayo kazi."

Mteja akaondoka, tena kwa furaha. Khuleida alibaki mlangoni na sahani mkononi.

"Baba Lubaba, rudia ulichomwambia yule mtu."

Akarudia, akishangaa.

"Na udhu wako? Muhuri wake uko wapi?"

Dhakwani akaweka patasi chini.

"Ile shahada unayoisoma ukimaliza," akasema Khuleida, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa kusukumana. "Si ndiyo muhuri wenyewe? Unaosha mara tatu, unasoma shahada, unashuka kwenye jiwe. Ukishashuka, hufungui. Na maji ni kibaba kimoja, mtungi nauhamishia ndani. Nami pia nina kosa langu, maana mwaka mzima nimekuwa nikikufungulia mizani kila unaponiuliza. Kuanzia leo ukiniuliza, sikujibu."

"Hata mara moja?"

"Hata hiyo moja."

"Una roho ngumu, binti Nuumani."

"Ningekuwa nayo, nisingekujibu mara arobaini na moja."

Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Dhakwani alishuka kwenye jiwe, akaswali jasho likimtiririka. Aliuliza, na Khuleida alitafuna ncha ya ushungi wake ili ulimi usiteleze. Siku ya nne alichelewa kurudi, akaingia na viatu vinavyotoa maji.

"Nimekwenda kisimani kwa jirani," akasema. "Nimefungua."

Angeweza kusema amekanyaga dimbwi, na angeaminiwa. Khuleida alimtazama, akaenda kujaza kibaba kwa ajili ya sala iliyofuata, akakiweka juu ya jiwe. Hakumlaumu, wala hakumbembeleza.

Ilikuwa siku ya tisa Dhakwani aliporudi kutoka kazini mbio, mtu wa miaka hamsini, kilemba kikimning'inia shingoni.

"Mama Lubaba, njoo. Nimeona jambo." Akachukua fimbo ya kuanikia nguo, akaifunga kamba katikati, akaining'iniza darini, kisha akaigusa ikaanza kucheza. "Huu ni mkono wa mizani. Nikiushika ili utulie, tazama, nikiuachia unacheza tena. Nikiuacha peke yake?"

Wakasimama wakiutazama. Ukacheza, ukapungua, ukatulia.

"Miaka thelathini nawafundisha hivyo wanafunzi wangu," akasema. "Mikono mbali, ngoja. Shaka nayo ni hivyohivyo. Mimi nilikuwa naishika."

Tangu hapo walianza kuingoja shaka pamoja, kama watu wanaotazamia mgeni ambaye hawatamfungulia mlango. Mwanzoni ilidumu hadi salamu ya mwisho. Siku ya kumi na tano ikaishia kwenye sijda. Siku ya ishirini, Dhakwani alirudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama Lubaba, nataka kukuuliza."

Khuleida akauma ushungi.

"Dengu zimeiva?"

Akaendelea kunyamaza.

"Hilo nalo hulijibu?"

Hapo Khuleida alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mumewe akacheka naye, na ulikuwa umepita mwaka tangu nyumba ile isikie kicheko cha watu wawili.

Ikafika tarehe tatu. Uwanja ulijaa ngamia, watu wakipigiana kelele, mizigo ikifungwa. Baada ya adhana ya adhuhuri Bwana Muthana alikuja na kibaba chake cha shaba kimejaa, akamkabidhi Dhakwani mbele ya wote. Dhakwani akatawadha. Khuleida alimfuata kwa macho kiungo kwa kiungo, uso, mikono, kichwa, mguu wa kulia, na hapo ngamia mmoja mkubwa akakatiza kati yao. Alipopita, Dhakwani alikuwa ameshaosha mguu wa kushoto na anasoma shahada.

Kisha akasimama, na shingo yake ikageuka polepole kuelekea kwa mkewe. Midomo ikafunguka.

Khuleida alilijua swali, na safari hii jibu hakuwa nalo, maana hakuona. Miaka yake kumi na tisa yote ilikuwa imekaa juu ya kisigino kile. Akanyamaza.

"Bwana Dhakwani," akasema Muthana, "una yakini umekamilisha?"

Neno moja tu, "ndiyo", na ngamia ni wao.

"Sina," akasema Dhakwani. "Moyo unaniambia kisigino kimebaki kikavu, na huniambia hivyo kila siku. Nimeosha, nimepiga muhuri. Naenda kuswali."

Akawapa mgongo, akaenda kusimama safuni.

Muthana akachungulia ndani ya kibaba. "Maji yamebaki," akasema, kama anayejisemea. "Mimi sikuja kupima moyo wa mtu, nimekuja kupima maji." Akamgeukia Khuleida, akammwagia yale yaliyobaki viganjani. "Kunywa, bibie. Njia ni ndefu."

Walipokwisha panda na ngamia akainuka, Khuleida alishindwa kujizuia, akaanza kuleta talbiya kwa sauti kubwa.

"Bado, Mama Lubaba. Mpaka tufike mikati, mahali pa kuvaa ihramu."

"Najua. Najaribu sauti."

Wanasema Dhakwani aliulizwa miaka mingi baadaye kama wasiwasi ule ulimwacha kabisa. Akajibu, "Hunitembelea kama mgeni. Ila siku hizi simpi maji."

Ndugu zangu katika imani, Mola wetu hakutuwekea uzito katika dini. Mja huyu hakungoja moyo utulie ndipo aswali, bali aliswali, na moyo ukamfuata nyuma. Na mkewe alimsaidia kwa kunyamaza, jambo ambalo huenda lilikuwa gumu kuliko yote aliyowahi kumfanyia. Aliye na mwenzake wa namna hiyo amshukuru Mwenyezi Mungu, kisha amshukuru na yeye, leo, angali yupo jikoni.