Mkimbiaji Aliyebebwa na Mji Mzima

Haki ya Mungu, na nasema kwa sauti hata viziwi wasikie: radi inipasue hapa hapa nilipokaa kama kuna neno moja la uongo katika haya.

Mji mmoja wa Uhehe ulikuwa na mkimbiaji, jina lake Lupyana. Huyo bwana alikuwa akitimua mbio, kivuli chake kinabaki nyuma kinaomba kusubiriwa. Kila mwaka, kwenye mbio za kupanda mlima, aliwaacha watu wa miji mingine wanatapika njiani. Na kila mwaka watu wake walimbeba mabegani kutoka kileleni mpaka mlangoni kwake, mguu haugusi ardhi. Hakuwahi kulipia soda. Hakuwahi kupanga foleni. Picha yake ilibandikwa zahanati, ikiwaambia vijana waache pombe na walale kwa wake zao. Wajawazito walipita kuigusa ile picha ili wazae watoto wenye miguu.

Basi Lupyana akafa. Akafa Jumapili asubuhi, kengele ya misa ya kwanza inalia, chumbani kwa mwanamke mmoja muuza pombe ya ulanzi, nyuma ya soko. Daktari akasema moyo umesimama. Watu wakasema, "Hilo tumesikia. Umesimama nyumbani kwa nani?"

Mji ulilia, uongo dhambi. Yale machozi yangezungusha mashine ya kusaga. Lakini jicho lilikuwa msibani, sikio lilikuwa nyuma ya soko. Leokadia, mjane wake, akipita na kanga yake kichwani, midomo inafungwa. Akishapita, inafunguka.

Sasa katika mji ule alikuwepo Mngoni mmoja, Fraterni Gama, mchoma kitimoto, nyama ya nguruwe. Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipopigana mpaka wakachoka. Na msibani mtani ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa, analala kaburini na kuzuia maziko mpaka apewe chake, hata kama ni kuku. Analosema siku hiyo halina kesi. Lakini pale mjini walikuwa na neno lao: mtani akificha, marehemu amezikwa nusu.

Jioni ya kuamkia maziko, wateja walimjaa Gama jikoni kwake. Hata nyama hawakuagiza.

"Gama, mtumwa wetu, kesho ndiyo kesho!"

"Utuigizie mpaka alivyobisha mlango, usiruke hata kidogo."

"Sisi midomo yetu imefungwa. Wewe ndiye mwenye ruhusa."

Gama akageuza nyama. Mtu ambaye utani wake uliwahi kumchekesha hakimu mpaka akasahau hukumu, siku hiyo aliunguza nyama yake mwenyewe. Akificha, amevunja utani, na rafiki yake atazikwa nusu. Akisema, amemvua nguo mjane mbele ya mji mzima. Na zaidi ya hayo kulikuwa na jambo moja lililomhusu yeye mwenyewe. Kila Jumamosi jioni Lupyana alipita mbele ya jiko lile lile, akielekea nyuma ya soko. Gama alimwona. Alikuwa akimkatia na kipande cha kutafuna njiani.

Asubuhi akaenda kwa mjane kuomba nguo, kama desturi ilivyo. Leokadia akampa trakisuti na raba za mbio. Hakumwomba afiche kitu.

Makaburini walifika watu elfu ishirini, na waliokosa pa kusimama walining'inia kwenye miti kama popo. Gama akaingia anakimbia, tumbo limetangulia. "Haya, Wahehe wala mbwa, bingwa wenu nimerudi!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Akamrukia mwenyekiti wa mtaa mgongoni. "Nibebe, nimeshinda!" Mwenyekiti akambeba, akazunguka naye. Akamrukia kiongozi wa kwaya, naye akambeba. Vijana wakagombania zamu.

Halafu Gama akashuka. Akavua raba, akazishika mkononi, akaanza kunyata. Watu wakasogea. Waliokuwa nyuma wakapanda juu ya migongo ya waliokuwa mbele. Hiki ndicho walichokuja kukiona.

Lakini Gama hakuigiza mlango. Aliigiza njia. Akapiga hatua, akajibu kwa sauti ya mwenyekiti, nzito vile vile: "Pita, bingwa, pita, sisi hatujaona kitu." Akapiga hatua, akakohoa kikohozi cha kiongozi wa kwaya, akageuza uso pembeni kama yule mzee anavyofanya. Akapiga hatua, akacheka kicheko cha vijana wa kijiweni. Kisha akatoa sauti yake mwenyewe, ya mchoma nyama: "Bingwa, chukua na hiki, utafune njiani." Kicheko kikakatika makaburini kote kama mtu amezima redio.

Akashuka kaburini, akalala chali. Akasema, "Nikishinda mlinibeba. Nikipotea mlinipisha. Leo nani ananibeba?"

Hakuna aliyesogea. Jeneza lilikuwa limewekwa kando ya kaburi, na wanaume wote wenye mabega walikuwa wanatazama viatu vyao.

Ndipo Leokadia akaja mpaka ukingoni. Akamtazama Gama kule chini, akasema, "Toka humo, Mngoni. Mpishe mwenye nyumba alale."

Kisha akainama, akashika pembe ya jeneza kwa mikono yake miwili. Wa pili kushika alikuwa Gama, udongo umemjaa mgongoni, na siku hiyo hakudai hata kuku. Wa tatu alikuwa mwenyekiti, uso umemshuka. Baada ya hapo mikono ikawa mingi kuliko jeneza.

Basi niwaulize nyie watu wazima: ukimpisha mtu unayempenda aende akapotee, siku ya kumzika unamlilia yeye, au unajililia wewe?

Na hili likae hapa hapa, ndugu zangu, msimsimulie mtu. Mji wenyewe bado upo, na mwenyekiti ni yule yule.