Sauti Tatu na Ufunguo wa Mtani

Hii niliipata kwa Katekista Osmund Mbele, ambaye sasa ni marehemu, aliyekuwa akitusalisha kigangoni siku padre asipofika. Jumapili ile ya Kwaresima mvua ilikuwa imekata barabara, padre akabaki ng'ambo ya mto, Osmund akasimama yeye. Mimi kusoma sijui, na hizo kompyuta naziona tu kwa watu, lakini neno likishaniingia sikioni halitoki. Alivyosema ndivyo nitakavyowaambia. Sogeeni hapa, na wewe acha kumkanyaga mwenzio.

Alisema palikuwa na mwalimu mmoja, Mngoni wa huku huku kwetu, aliyefiwa na mke. Ugonjwa wa wanawake, ule unaokula kizazi. Ulimla yule mama polepole, mwaka na nusu, mpaka akawa mwepesi kama pumba. Walikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Eufrasia, ana miaka minne, hajui hata kufunga gauni.

Sasa yule mama alipoona siku zinakwisha, akamwomba mumewe simu, akamtoa chumbani, akafunga mlango. Siku tatu alifanya hivyo. Alikuwa anaongea peke yake mle ndani, anapumzika, anakohoa, anaongea tena. Akaweka sauti tatu. Ya kwanza, Eufrasia aisikie siku akivunja ungo. Ya pili, siku kabla hajaolewa. Ya tatu, siku atakapompakata mtoto wake wa kwanza. Maneno ambayo mama anamwambia binti yake mlango umefungwa, yeye aliyaweka kwenye simu kwa sababu alijua siku hizo hatakuwepo.

Akamwita mumewe akamwambia, "Haya si yako. Haya ni ya kike. Kazi yako wewe kumtunzia mpaka siku yake ifike. Usisikilize, na mtu mwingine asisikilize."

Mwalimu akakubali. Wiki hiyo hiyo wakamzika.

Na kweli, wajukuu zangu, yule mwanamume alitunza. Kuna jioni alitamani kuisikia sauti ya mkewe mpaka kidole kikafika juu ya kitufe, lakini hakubonyeza. Wala hakumpa mtu amwekee nakala, maana flash za walimu zinatembea mkono kwa mkono kama kibiriti, leo kwako kesho kwa jirani. Aliogopa siku moja aingie ofisini akute vijana wanasikiliza marehemu anavyomfunda binti yake. Kwa hiyo sauti zikakaa mahali pamoja tu duniani. Mngemlaumu? Mimi siwezi.

Ikapita miaka mitatu. Simu ikaanza kuzeeka, betri ikavimba tumbo. Mwalimu alikuwa amepata laptop mpya kwa ajili ya masomo yake ya juu, akaipeleka mjini kwa fundi aiwashe, ili nyumbani yeye mwenyewe ahamishie sauti humo, simu itupwe. Fundi mwenyewe Mhehe. Mnajua Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakabaki kutukanana kwa kicheko. Fundi alipomwona tu akawaambia wateja waangalie mifuko yao, Mngoni ameingia. Mwalimu akajibu kwamba amekuja kuangalia mateka wa babu yake wanaendeleaje.

Laptop ile mpya ilipowashwa mara ya kwanza ikataka barua pepe ya mwenye mali. Mwalimu neno lake la siri amelisahau. Fundi, ili kazi iende, akaweka barua pepe yake mwenyewe, wakasema watabadilisha siku nyingine. Ile mashine, kumbe, ndivyo zilivyo siku hizi, ikajifunga yenyewe kimya kimya kwa ndani, na ufunguo wake, namba ndefu, tarakimu arobaini na nane, ukaenda kwa yule iliyemjua kuwa bwana wake. Yaani fundi.

Na fundi alimwambia. Hakumficha. Alimwambia, "Mtani, hii nimeiandikisha kwa jina langu, wewe humu ni mpangaji. Ufunguo ninao mimi. Siku ukitaka kuichokoachokoa uje kwanza unipe shikamoo."

Mwalimu akamwambia shikamoo atampa siku ya kumzika. Duka zima likacheka. Onyo likapita na kicheko, likaishia hapo. Nyumbani akazihamisha sauti mwenyewe, simu akaitupa.

Basi shuleni kwao kikaingia kirusi. Kikaruka flash kwa flash, kikala mitihani ya kidato cha pili yote. Mwalimu akaogopa sana, si kwa mitihani. Akaanza kuuliza namna ya kujikinga. Wakamwambia upo mfumo mwingine unaitwa Linux, alama yake ndege mmoja mnene asiyeruka, virusi haviuzoei. Tena unaweza kuuweka pamoja na Windows kwenye mashine moja, kama nyumba yenye milango miwili: ukiwasha, inakuuliza leo unaingilia upande gani. Akaona huko ndiko atakakoziweka sauti. Hakuwa mlevi yule, wala mjinga, wala hakukosa upendo. Alikuwa anajenga uzio.

Jumamosi moja mchana akakaa mezani. Eufrasia, ana miaka saba sasa, yuko uani anasuka nywele za gunzi la hindi. Mwalimu akachomeka flash yenye Linux, mashine ikaikataa. Akaingia kule ndani kabisa kwenye mipangilio, akamwondoa mlinzi wa getini, akabadili hiki, akabadili na kile. Linux ikatokea, ikamwambia sanduku hili limefungwa, rudi Windows ukalifungue kwanza. Akarudi Windows. Kioo kikawa cha buluu, kikasema: lete namba arobaini na nane.

Akajaribu kurudisha mipangilio kama ilivyokuwa. Hakukumbuka kipi kilikuwa wapi, hakuandika popote. Akawasha, akazima, akawasha. Buluu ile ile. Jasho likawa linadondokea vitufe. Ndipo akakumbuka lile neno la ufunguo, na hakujua kama lilikuwa kweli au lilikuwa utani tu, maana mtu mnayecheka naye miaka kumi utajuaje lipi amelisema kwa moyo?

Akampigia. Fundi alikuwa dukani, wateja wamejaa, akaweka sauti ya nje ili nao wafaidi.

"Mtani," mwalimu akasema, "ile mashine inaniuliza namba."

"Namba ninazo. Ila leo Mngoni anaomba, wote mmesikia? Sema kwanza, Wahehe ni mabwana zangu."

Huko nyuma watu wanacheka. Mwalimu amekaa na simu sikioni.

Sasa nisikilizeni hapa. Utani una mlango wake wa kutokea. Mtu akisema, mtani, leo si utani, lipo jambo, yule mwingine anaacha hapo hapo, hata kama neno lilikuwa limeshafika ulimini. Mwalimu alilijua hilo tangu mtoto. Ilikuwa ni kusema tu: leo si utani, mke wangu yumo humu. Lakini ataanzaje? Mbele ya duka zima, mwanamume mzima, aseme anatunza maneno ya kike ya marehemu, na miaka mitatu sasa kila jioni anakaa mbele yake kama kuku anayeatamia? Alisikia mashavu yanawaka moto. Akakata simu.

Fundi akampigia mara mbili. Mwalimu aliona simu inaita, akaigeuza uso chini.

Akamtafuta mwalimu mwenzake wa fizikia, ambaye yeye Linux aliiweka mwenyewe. Huyo akamwambia asihangaike na namba, achague pale palipoandikwa futa disk, kinachofutwa ni kile chumba cha Windows tu, vitu vya chumba cha ndani vinabaki, hata yeye vyake vilibaki. Na hakudanganya. Ya kwake ilikuwa mashine kubwa ya zamani, yenye disk mbili. Hii ilikuwa na moja. Hakuulizwa, hakusema.

Mwalimu akachagua pale. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Osmund hapo akatuangalia kanisa zima. Kisha akasema, alibonyeza.

Kazi ikaenda vizuri sana. Robo saa haikufika. Linux ikafunguka, nyororo, safi, haina kirusi hata kimoja. Mwalimu akafungua mafaili. Akakuta vyumba vimepangwa na kuandikwa majina: Nyaraka. Picha. Muziki. Akafungua cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Cha tatu. Alirudia kuvifungua mpaka jua likahama dirishani, na mtoto akaja kusema ana njaa.

Jumatatu akaenda mjini. Fundi alipomwona akaanza, akasema amiri jeshi mkuu amekuja kusalimu amri. Mwalimu akaiweka laptop juu ya kaunta taratibu. Fundi akaona hapana, leo huyu hakuja kwa utani, akatoa simu yake akamwonyesha.

"Hizi hapa, zote arobaini na nane. Zimekuwepo tangu siku ile. Jumamosi nilikupigia nikupe, ukanisusia."

Mwalimu akaziangalia zile namba. Akazisoma mpaka mwisho, moja moja, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba. Ufunguo ule ulikuwa mzima. Nyumba yake ndiyo ilikuwa imekwisha kubomolewa.

Akasema, "Mke wangu alikuwa humo."

Fundi hakuelewa. Ikabidi aelezwe, na safari hii mwalimu alieleza yote, siku tatu za kufungiwa nje ya mlango, kikohozi, ahadi, yote, mbele ya wateja wote wale, na hakuna aliyecheka. Mmoja alitoka nje. Fundi akavua kofia. Akafunga duka siku hiyo, akafunga na kesho yake. Akajaribu kila programu aliyoijua, akaipeleka mashine mpaka Dar es Salaam kwa watu waliomzidi, wakamwambia kilichokuwa kimefungwa kikafutwa, hata ufunguo haukirudishi.

Akamrudishia mwalimu, akamwuliza, "Mtani, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

Basi.

Na mwaka ukafika Eufrasia akavunja ungo. Mashangazi wakaja, wakamweka ndani, wakasema naye ya kwao. Siku ya kutoka, binti akamwendea baba yake, akapiga goti, akasema amekuja kuchukua maneno ya mama, shangazi amemwambia yapo, marehemu alimdokeza kabla hajafa. Baba akataka kumwambia basi hata kidogo, hata neno moja tu ambalo mama alisema. Hakuwa nalo. Alikuwa ametii, hakuwahi kusikiliza. Hapa duniani hakuna mtu anayejua yule mama alisema nini mle chumbani siku zile tatu.

Osmund alipofika hapo akina mama tulikuwa tunalia kanisani. Na tulikuwa tumeshamkasirikia fundi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamhukumu Mhehe wa watu. Osmund akatuona. Akasema, mnamtazama fundi? Fundi alikuwa na ufunguo, na angeutoa. Alipiga simu mara mbili. Mtu hawezi kukuonea huruma kwa jambo ulilomficha. Aliyezuia ufunguo ni yule aliyekuwa anauhitaji.

Akasema, na sisi je? Sisi tunaokaa na kidonda mpaka kinatoa harufu, tukiulizwa habari tunajibu nzuri? Sisi tunaopigiwa simu na watu wanaotupenda tunazigeuza uso chini? Tunaona afadhali tupoteze kuliko tuchekwe. Kicheko cha duka kingeisha kabla chai haijapoa. Alichopoteza yule mwalimu hakikuisha, alizeeka nacho. Hata Mungu, anayetujua mpaka ndani ya mifupa, bado anataka tufungue mdomo tuseme. Sasa binadamu mwenzio, asiyejua kitu, atakusaidiaje?

Hayo ndiyo aliyosema Osmund, mimi nimeyafikisha. Mama yenu mkubwa anajua kwamba hata mimi niliporudi nyumbani Jumapili ile nilimweleza babu yenu jambo moja nililokuwa nimelimeza miaka tisa. Hakunicheka. Akaniambia nisogeze kiti.

Sasa sisi humu ndani. Yupo mmoja wenu, siku ya tatu leo sahani yake inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Nikimwuliza ananiambia, bibi sina kitu. Simtaji jina, na nyinyi msigeuke kutafutana. Sijui alichonacho. Ndiyo maana namwambia wazi kwamba sijui, mpaka aseme mwenyewe.

Haya, usingizi unawangoja, mkalale. Mchukue na mkeka. Mwenye neno na mimi, abaki.