Fisi Alipotajwa Kwenye Wimbo

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa chungu jikoni!"
"Basi sogeeni, na aliyeshiba asiwasukume wenye njaa."

Hapo kale palikuwa na ndege, Bi Chiriku. Ukoo wao ulisifika kwa kuimba. Babu yake aliimba kwenye harusi ya Simba, na mama yake aliimba mpaka mzee Kobe akakata kiuno. Bi Chiriku naye aliimba, churuchuru, churuchuru, mpaka akachoka kuitwa mtoto wa fulani. Akafungua mgahawa wa vitumbua. Biashara ikashika. Faida yote alinunulia mtama, akawapikia uji makinda yatima.

Siku moja akaja Fisi. Akabeba gunia la mtama, puu, shimoni kwake. Akabeba la pili, puu! Akabeba la tatu, la mwisho, puu!

"Bwana Fisi, huo ni uji wa yatima!"

"Hata mimi ni yatima," akacheka Fisi. "Hihihi!"

Bi Chiriku akalia. Makinda watakula nini? Kumpiga Fisi hawezi, yeye mwenyewe manyoya tu. Akajifuta machozi, akaitisha ngoma.

Desturi mnaijua: ukitajwa kwenye wimbo mbele za watu, sharti uinuke umtunze mwimbaji. Usipotunza, utazomewa mpaka wajukuu zako.

Ngoma ikalia, ndi ndi ndi. Bi Chiriku akaimba:

"Fisi ndiye, Fisi ndiye, mkono wake u wazi!"

Vigelegele, lililili! Kichwa kikamvimba Fisi. Akakimbia shimoni, akarudi na gunia, puu!

"Moja tu?" akauliza mzee Kobe.

"Fisi ndiye, Fisi ndiye, hata Tembo hamfikii!"

Lililili! Gunia la pili, puu!

"Fisi ndiye, Fisi ndiye, mzuri kuliko Twiga!"

Hapo Fisi akatokwa na machozi, maana tangu azaliwe hakuna aliyemwita mzuri. Gunia la tatu, puu!

Makinda wakanywa uji mpaka wakasinzia juu ya mabakuli.

Asubuhi mlango wa mgahawa ukagongwa, ko ko ko. Kumbe Fisi, kashika mfupa wake wa mwisho.

"Bi Chiriku," akanong'ona, "huu unatosha ubeti mmoja?"

Hadithi yangu imefika jikoni, ikakuta chungu kitupu. Ikiwa tamu, rambeni. Ikiwa chungu, nipikieni yenu. Na funzo lake, wanangu, ni hili: tuwe wakarimu kama Fisi, na tujihadhari na waimbaji, wezi wakubwa wale.