Mayasa na Ndege Aliyetunzwa Pete

Katika zama za Sultani Mundhiri bin Hilali, mtawala wa mji wa Rahawani, palikuwa na bonde nyuma ya kuta za mji, na mvua za kwanza za mwaka zilipolinywesha lilichipua na kujaa ndege wa mwituni, kurumbiza na chiriku na chozi na tetere, hata aliyelala mjini akaamshwa na sauti zao. Na watu wa Rahawani walikuwa na ada: walitoka alfajiri kwenda kuwasikiliza, na ndege aliyemfurahisha mtu alitunzwa kama anavyotunzwa mwimbaji harusini, kwa kuwekewa mtama juu ya jiwe.

Mayasa, binti wa tajiri Ghanimu muuza hariri, aliipenda ada hiyo kuliko sikukuu. Asubuhi moja alikwenda na shangazi yake, Bi Rehani, na mtama ukamwishia, na shangazi akasinzia chini ya kichaka. Ndipo akaimba ndege mweusi mwenye macho ya kahawia kama ya mtu, na ndege wengine wote wakanyamaza kwa pamoja. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, na kusikiliza kisha kuondoka bila kutunza ni utovu wa adabu, basi akavua pete yake akaiweka juu ya jiwe.

"Pokea, bwana mwimbaji," alisema.

Ndege akaishika kwa mguu, na mguu ukawa mkono, na mkono ukafuatwa na jini mrefu aliyevaa joho.

"Pete imetolewa na imepokewa," alisema jini. "Hiyo ni posa, Bibi Mayasa, nami nimeikubali."

"Sitaki!" alipiga ukelele Mayasa, lakini ukelele haukusikika, maana jini aliudaka mdomoni mwa binti kama mtu adakavyo nzi, akaufumba kiganjani.

"Kadhi atakuuliza, nawe utanyamaza, na mwari akinyamaza amekubali. Sheria hiyo ni ya kwenu, sikuitunga mimi. Ukinifanyia hila nitaimeza sauti hii, na utakuwa bubu hadi kaburini."

Siku ile ile jini aliingia barazani kwa Sultani katika umbo la kijana mzuri, na nyuma yake ngamia wenye masanduku, akainama akasema, "Ewe Sultani wa zama, mimi ni Amiri Shamhari kutoka nchi ya mbali, na nimekuja kumwoa binti Ghanimu kwa mahari haya." Sultani akaridhia, na Ghanimu akalia kwa furaha, na hakuna aliyeona kwamba kunguru wa paa la kasri walikuwa wamehama wote.

Mayasa alichukua kalamu, lakini kila herufi aliyoichora wino wake ulirudi kalamuni. Akamshika shangazi yake mabega akatikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yakimtoka.

"Ah, mwanangu," alicheka Bi Rehani, akimpaka hina. "Kila mwari hutikisa kichwa. Mimi nilitikisa mpaka kilemba kikanidondoka, na mume wangu nikamzoea. Tulia, utaharibu maua."

Siku ya ndoa alikalishwa nyuma ya pazia, na upande wa pili waliketi Sultani na wanaume wa mji na bwana harusi, ambaye mkono wake wa kulia haukufumbuka hata alipopewa tende. Kadhi akauliza, "Bibi Mayasa binti Ghanimu, waniidhinisha nikuozeshe kwa Amiri Shamhari?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mayasa alisikia watu wakianza kunong'ona "mashallah", na akajua kwamba swali moja tu limebaki kati yake na maisha yote, na kwamba njia ya kulijibu itamgharimu sauti aliyozaliwa nayo.

Kadhi hakumaliza swali la tatu. Pazia lilianguka, na mwari akatoka kichwa wazi mbele ya wanaume, jambo lisilowahi kutendeka Rahawani, akasimama mbele ya Kadhi na kutikisa kichwa polepole, akimtazama machoni.

"Mrudishe ndani, Rehani!" alifoka Ghanimu. "Utaniua kwa aibu!"

"Nyamaza, Ghanimu," alisema Kadhi. "Nimeuliza, na nimejibiwa. Hakuna ndoa."

Jini akapandisha kiganja kinywani ili aimeze sauti, lakini alipokifumbua ule ukelele ulimtangulia, ukavuma ukumbini, "Sitaki!", na yeye, asiye na haki tena juu yake, akawa moshi mweusi uliotokomea dirishani. Masanduku yakabaki, na Kadhi akahukumu kuwa ni mali ya Mayasa, fidia ya khofu aliyoipata.

Sultani akaamuru kwamba katika mji wake kimya cha mwari kisihesabiwe tena kuwa jibu. Na mwaka uliofuata, mwanawe, Tariki, alipomposa Mayasa, Kadhi aliuliza na kungoja, na Mayasa akakaa kimya kitambo, maana khofu haikuwa imemtoka yote, kisha akasema, "Nimeridhika," kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

Basi kila aliyefikiwa na habari hii akikutana na mtu aliyenyamaza, asijifanye amemwelewa. Amuulize tena, na amtazame usoni.