Sihaba na Kalamu

Kushika sikio si kushika kalamu. Mnaisema huku mnacheka, wajukuu zangu, wala hamjui ilimliza nani. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hizo vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa. Akiligusa sikio la kushoto, basi umri wa shule umetimia. Sasa Bi Somoe, mjane, alikuwa na binti mmoja tu, Sihaba, mwenye mikono mirefu kama marehemu baba yake. Ana miaka mitano, sikio analishika! Somoe mwenyewe hakujua kusoma. Barua za mumewe alisomewa na majirani, siri zake zote zikawa nje. Akaapa mwanawe atasoma, akampeleka.

Loo! Kalamu ya risasi ikawa inamponyoka. Vidole vilikuwa bado teketeke. Mwalimu Nampunju akaona huu ni uvivu, akamchapa rula kwenye vifundo vya vidole. Sihaba akarudi nyumbani mkono umevimba.

"Mama, vidole vinakataa."

"Usinitie aibu. Kaza mkono!"

Kesho yake Somoe akamrudisha, na kesho kutwa pia. Mwezi wa tatu mtoto akawa anajikojolea akiiona tu kalamu. Ndipo mama akamtoa.

Miaka miwili ikapita. Sihaba akawa anasuka ukili wa mkeka, mwembamba, umenyooka, hata wasukaji wakongwe wakamshangaa. Somoe akauchukua ule ukili, akamshika mtoto mkono, wakaenda shuleni.

Mwalimu akaugeuza-geuza. "Kasuka nani?"

"Huyu hapa, Mwalimu."

"Basi vidole vimekomaa. Haya binti, njoo uandike." Akampa kalamu kwa upole kabisa.

Sihaba akaficha mikono kwapani.

"Shika, mwanangu."

"Nitapigwa."

"Hakuna wa kukupiga. Mimi mama yako nipo."

"Hata siku zile ulikuwapo, mama. Ukanirudisha."

Mwalimu akainamisha kichwa. Somoe akalia pale pale mbele ya watoto wa watu.

Sihaba hakuishika kalamu tena maisha yake yote. Siku ya ndoa yake alitia dole gumba. Na kila jirani aliyekuja mbio kujisifu kwamba mwanawe mdogo keshalifikia sikio, Somoe alimwambia, "Ngoja kwanza, mwenzangu. Kushika sikio si kushika kalamu."